Flenja ya Fundi Robo

Mpaka leo nikikumbuka, nashika kichwa. Na mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Kazi yangu ni kusuka nywele, barazani kwangu hapa hapa, na mtu akishakaa chini ya mikono ya msusi husema mambo ambayo hata mama yake mzazi hajawahi kuambiwa. Nimesikia ya ndoa, ya wizi, ya watoto wa nje. Masikio yangu yamekomaa. Lakini hili la mume wangu, jamani, liliniacha mdomo wazi, na mkiniona naruka huku na kule katika kusimulia, mnivumilie, bado sijatulia.

Mume wangu watu wanamwita Fundi Robo. Wasiomjua hudhani ni kwa ajili ya kimo chake, na kweli kwa kimo hakujaliwa. Lakini jina hilo alipewa na vijana wa muziki kwa sababu ya kazi yake, na nitafika huko.

Alianza na redio. Nilipomfahamu alikuwa na kibanda kidogo sokoni, yeye na pasi yake ya kulehemu na redio zilizopasuliwa tumbo. Redio ya baba yangu aliitengeneza mara tatu, na haki ya Mungu baada ya ile ya kwanza haikuwa imeharibika tena. Alikuwa akiirudisha anaacha skrubu moja imelegea, ili aitwe tena. Baba yangu hakuwa mjinga. Akasema, "Huyu kijana ama ni fundi mbovu kupindukia, ama kuna kitu anakitafuta humu ndani." Basi akamkaribisha ndani akitafute vizuri.

Watu walipoacha redio na kushika simu, kibanda kikakauka. Ndipo akaja kijana mmoja wa muziki na sanduku lake la ajabu limeharibika, kila fundi amelikataa. Sintesaiza ya vipande, alisema. Ni chombo cha muziki, lakini usitafute vibonye vya kinanda. Ni fremu ya mbao iliyopangwa vipande vyenye uso wa bati, kila kipande na kazi yake: hiki kinatoa sauti, hiki kinaikata, hiki kinaitikisa. Unaviunganisha kwa nyaya za rangi kwa mbele, mpaka kinafanana na kichwa cha mteja aliyekimbia kabla sijamaliza kumsuka. Mume wangu alikifungua, akakitazama kwa muda mrefu, akasahau kula. Tangu siku hiyo redio basi. Akahamia chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo yangu, akaanza kutengeneza vipande vyake mwenyewe.

Kipande kilichomtoa ni kimoja, kinaitwa flenja. Na hicho ndicho nilichogombana nacho zaidi. Mteja ametulia, mimi nagawanya nywele, mara kutoka chumba cha nyuma inakuja sauti ya upepo unaozunguka ndani ya bomba, fyuuu, inapanda, inashuka, inapinduka, inapanda tena. Mteja anaruka, mstari unakwenda upogo. "Mwenzangu," ananiuliza, "mumeo anachinja nini humo ndani?" Siku moja nikamfuata na chanuo mkononi, nimevimba.

"Wewe mzee," nikamwambia, "hiyo kitu inafanya nini hasa, maana mimi nafukuziwa wateja!"

Angekuwa mwingine tungepigana. Yeye akafurahi nimeuliza. Akavuta kigoda nikakaa.

"Fikiria kwa jirani kunaungua," akasema. "Watu wamepanga mstari kutoka bombani, wanapokezana ndoo. Maji ni yale yale, ila yanafika yamechelewa kidogo. Humu ndani kuna chipu moja, kazi yake ndiyo hiyo. Sauti inaingia, inapokezwa ndoo kwa ndoo, inatoka upande wa pili imechelewa. Halafu naikutanisha na ile ambayo haikupita kwenye ndoo. Zikikutana, mahali zinasaidiana, mahali zinauana. Ndiyo hiyo fyuuu yako."

"Na nani anawaambia wapokezane?"

"Ah, umeuliza swali la maana! Kuna msimamizi. Yeye anapiga kelele tu: pokea, pokea, pokea. Akienda haraka, maji yanawahi. Akienda taratibu, maji yanachelewa, na sauti inazama chini kabisa, na hapo ndipo wapiga muziki wanapopapenda."

"Basi si aende taratibu hivyo hivyo, tumalize?"

"Ndiyo kazi ilipo, mke wangu. Akienda haraka, kelele yake inakuwa nyembamba mno, hakuna sikio la binadamu linaloishika. Akienda taratibu kupita kiasi, kelele yake inashuka mpaka unaisikia. Filimbi nyembamba, juu ya muziki wa watu. Hapo umeharibu."

Nilielewa, na hasira ikapungua, ingawa chanuo sikuliweka chini.

Kila flenja ina skrubu ndogo ndogo kwa nyuma za kuirekebisha, na anaigeuza kila moja kwa bisibisi ya plastiki. Moja ni ya kuhakikisha ndoo hazijai zikamwagika. Hiyo anaiangalia kwenye kioo chake, ile mashine ya zamani yenye kioo cha kijani inayochora sauti kama mawimbi. Nyingine ni ya kurudisha sauti mwanzo wa mstari ipite tena, na akiizidisha, chombo kinaanza kulia chenyewe bila kuguswa. Ya mwisho ni ya msimamizi. Hiyo, alisema, haihitaji kioo, hiyo ni ya sikio. Anavaa hedifoni, anamshusha msimamizi pole pole mpaka anaisikia filimbi, kisha anarudisha robo ya mzunguko filimbi ipotee. "Robo tu," anasema peke yake. Kila siku robo tu. Ndiyo asili ya jina.

Mafundi wenzake wanafuata namba za kwenye karatasi, wanamweka msimamizi mbali na hatari, na flenja zao haziendi chini. Ya mume wangu ilikwenda. Na kila mwaka ikaenda zaidi. Vijana wakija wanamwambia, "Fundi, hii mpya inazama kuliko ile ya kwanza, umeifanyaje?" Siku hiyo anakuja mezani kifua mbele, anaomba aongezewe mchuzi. Nami nilimwongezea, nilifurahi naye. Kijana wa sokoni mwenye redio za watu, leo anaulizwa siri yake!

Filimbi? Ndiyo, mimi nilikuwa naisikia. Ilikuwa inatoka chumba cha nyuma, siku nyingine inakaa asubuhi nzima. Jirani yangu muuza mkaa akija kusukwa alikuwa analalamika meno yanamuuma kwa ajili yake. Nikamwambia avumilie, ni kazi ya watu. Kwani mimi najua? Nilijua chombo chake kinapiga filimbi kama pasi yangu ya nywele inavyotoa moshi. Na vijana wenyewe wanapigia muziki wao kwenye kumbi za pombe, ngoma juu, watu wanapiga mayowe. Hapo hata mtu akichinjwa hasikiki.

Sasa, akaja mwalimu. Ni dada mmoja kijana, anafundisha muziki, mpole hata kikombe anakiweka chini bila mlio. Muziki wake si wa pombe. Anapiga sauti moja, anaiacha itembee, anangoja. Alikuwa amepewa nafasi ya kupiga peke yake siku ya kufungua ukumbi mpya, mbele ya watu ambao, alisema mwenyewe, wanaamini sintesaiza ni kelele tu. Akataka flenja ya Fundi Robo, na akataka izame kuliko zote.

"Fundi," akamwambia pale barazani, mbele ya wateja wangu wawili, "wakiipenda hii, nitawaambia imetengenezwa wapi na nani. Kuna walimu wengine wanasubiri wasikie."

Mume wangu akaitikia kwa kichwa tu. Lakini mimi namjua. Mtu wa umri wake hajifunzi kazi nyingine. Hana pensheni, hana shamba, ana masikio na bisibisi. Hii ndiyo ilikuwa siku yake ya kusikika na watu wanaosikiliza, na alilala nayo na kuamka nayo. Skrubu ya msimamizi peke yake aliishughulikia tangu chai mpaka chakula cha mchana. Alipotoka uso ulikuwa unang'aa. "Mama watoto," akasema, "haijawahi kuzama hivi."

Siku moja kabla ya ufunguzi wakafanya mazoezi mchana, akaniambia twende wote. Nikafunga baraza, nikavaa. Ukumbi ulikuwa bado unanuka rangi, viti vimefungwa nailoni, spika ndefu kuliko mume wangu. Nyuma alikuwapo kijana wa mitambo na meza yake, mbele akina mama wawili wanafagia jukwaa. Mwalimu akachomeka nyaya zake, akatutabasamia, akapiga sauti moja ya chini.

Ikaanza kuzama. Nawaambieni, mwili wote ulinisisimka. Kumbe ndicho hiki! Miaka yote nimekisikia kupitia ukutani nikakitukana. Ilishuka, ikashuka, nikahisi sakafu inaondoka chini ya viatu vyangu, nikasema moyoni, huyu mwanamume nimemdharau bure.

Halafu, ilipofika chini kabisa, ikaja ile filimbi.

Lo! Nyumbani nilikuwa naisikia nyuma ya ukuta. Pale ilitoka kwenye zile spika kubwa kama kabati, na ilikuwa sindano. Iliingia sikio hili ikatokea hili. Wale akina mama waliangusha mafagio. Kijana wa mitambo aling'oa hedifoni kichwani akaitupa mezani. Mwalimu mwenyewe alikunja uso, macho amefumba, kidole bado kimeng'ang'ania kitufe kwa heshima ya mume wangu.

Na mume wangu? Amesimama katikati ya ukumbi, macho amefumba, anatabasamu. Mkono wake unapanda na kushuka na sauti. "Mnaisikia?" akasema kwa furaha. "Mnaisikia inavyokwenda?"

"Mzee, zima!" kijana wa mitambo akapiga kelele. "Zima hiyo filimbi!"

Mume wangu akafumbua macho. "Filimbi gani?"

Mmoja wa wale wafagiaji akacheka, akidhani ni utani. Mimi pia nilidhani ni utani. Ana utani wake mkavu, huyu. Nikangoja acheke. Hakucheka.

"Filimbi gani?" akauliza tena, sasa anamtazama mwalimu. Mwalimu akatazama chini.

"Mzee, unatufanyia mzaha?" yule kijana akasema. "Watu wanatoboka masikio hapa!"

"Wee, chunga mdomo wako!" nikamgeukia, damu imenipanda. "Unazungumza na nani hivyo? Huyu alikuwa anatengeneza spika wewe hujazaliwa!"

Mume wangu akanishika bega, akanigeuza nimtazame.

"Mke wangu," akaniuliza taratibu, "kuna filimbi?"

Nikafungua mdomo nimwambie hakuna, hawa watu wana wivu. Nikaona hanitazami usoni. Anatazama mikono yangu. Na mikono yangu, Mungu wangu, sijui niliipeleka saa ngapi, ilikuwa imeziba masikio yangu mwenyewe.

Nikaishusha mikono, lakini ameshaona.

Mwalimu akazima. Mume wangu akapanda jukwaani, akachomoa flenja yake, akaifunga kwenye kitambaa chake. "Spika zenu ni mbovu," akasema, hakumtazama mtu. Mwalimu akatufuata mpaka mlangoni. "Fundi, nitapita asubuhi," akasema kwa upole wake. "Ikiwa tayari nitaichukua. Isipokuwa tayari, nitapiga hivyo hivyo bila flenja, usijali." Hilo la kupiga bila flenja ndilo lililomchoma, nililiona likimwingia.

Jioni tukakaa mezani na kitinda mimba wetu, kijana wetu wa mwisho, ambaye ameshaota ndevu na anazipapasa hizo ndevu kutwa nzima kama amezinunua. Mume wangu akaanza yeye.

"Mmepatana kunifanya mwehu. Spika mbovu, watu hawajui, na mke wangu mwenyewe ananizibia masikio!"

Nilikuwa na methali mdomoni tayari. Sikio la kufa halisikii dawa. Nimemtupia hiyo mara ngapi, nikimwita kutoka barazani asiitike, nikimwambia nyumba ina mtu wa kiburi humu! Safari hii ilifika kwenye meno nikaimeza. Maana wazo lilinijia hapo hapo, kwamba huenda si kiburi.

Kijana wetu akatoa simu. "Baba, tujaribu kitu. Nitapiga mlio, utaanza chini unapanda. Wewe niambie tu unasikia."

"Mimi si kiziwi!"

"Ndiyo, baba. Tujaribu tu."

Akaanzisha. Mlio mnene. "Nasikia," akasema mume wangu, amekunja mikono. Ukapanda. "Nasikia." Ukapanda, ukawa mwembamba. "Nasikia, mimi nimekwambia." Ukapanda tena. Sasa ulikuwa unachoma, mimi kijiko nimekishika hakiendi mdomoni. Paka aliyekuwa dirishani akainuka akaondoka. Mume wangu ametulia, anamtazama mwanawe, anangoja.

Tukangoja wote.

"Sasa mbona umesimamisha?" akauliza. "Anzisha basi."

Kijana wangu alinitazama, na mtoto mkubwa vile macho yalimjaa machozi.

"Baba," akasema, "inalia."

Sijui mnaelewa ninachosema. Inalia! Iko mezani, kati ya sahani, inatutoboa, na mtu ambaye kazi yake ni kusikia amekaa mbele yake anasubiri ianze. Mume wangu akaichukua ile simu, akaiweka sikio la kulia, akaiweka la kushoto. Akainuka nayo, akaenda chumba cha nyuma, nasi tukamfuata.

Alikuwa na msemo wake wa siku zote, kwamba watu hudanganya ila kioo hakidanganyi. Akaunganisha waya kutoka kwenye simu hadi kwenye mashine. Kioo kikachora mawimbi, membamba, yamesongamana, yanatembea. Akachomoa. Akachomeka flenja, bila sauti yoyote kuingia. Hapo mstari unapaswa kulala chali, hata mimi nilijua. Haukulala. Ulikuwa na majani, manyoya manyoya, kelele ya yule msimamizi wake imejaa kioo kizima. Akaweka kidole juu ya kioo kana kwamba atayahisi. Akakaa.

"Na zile nyingine?" akasema.

"Zipi?" nikauliza.

"Zile nyingine zote nilizouza. Kila mwaka nashusha zaidi. Nasema robo tu, robo tu. Nilikuwa nashusha kwa sababu sisikii." Akatugeukia, na uso wake sijawahi kuuona hivyo tangu tuoane. "Wakanisifu!"

Akaivua hedifoni iliyokuwa shingoni, akazungusha waya wake vizuri, akaiweka ndani ya droo. "Mwalimu akija mwambieni atafute fundi mwingine. Mimi basi." Akaenda kulala na nguo zake.

Mimi sikulala. Nililia kwanza, sitaficha. Kisha hasira yangu ikarudi, na hasira yangu, nashukuru, ina faida yake. Kulipokucha nikaingia chumba cha nyuma, nikaitoa ile hedifoni kwenye droo, nikaivaa juu ya kitambaa changu cha kichwa, nikaketi kwenye kigoda. Nikamwita. Nikaona haitiki, nikakumbuka, nikaenda nikamshika mkono.

"Njoo ufanye kazi yako," nikamwambia.

"Nimekwambia basi."

"Kosa moja haliachi mke, litaacha flenja? Kaa hapo. Wewe una mikono, mimi nina masikio, na tumeshalala kitanda kimoja miaka yote hii, tutashindwa skrubu?"

Alinitazama kama anataka kukasirika. Kisha akachukua bisibisi yake ya plastiki.

Kwanza akampandisha msimamizi juu. "Imepotea?"

"Imepotea."

"Hakika?"

"Unaniuliza kama polisi. Imepotea!"

Akaanza kumshusha. "Sema ukiisikia." Nikabana pumzi. Nilikuwa naogopa, jamani. Sasa niko mimi kwenye nafasi yake, nikikosea namuua mimi. "Bado," nikasema. "Bado. Bado... hapo! Aa, taratibu wewe, unanitoboa!"

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo, nyembamba, kwa juu."

Akatazama kioo, akatazama skrubu, akarudisha robo. Filimbi ikaondoka. Akachukua hedifoni akasikiliza yeye, uso ukamshuka. "Haizami," akasema. "Imebaki juu. Si yangu hii."

"Ni yako, na haitoboi watu."

Tukairudia mpaka nikakubali na yeye akakubali. Mwalimu alipofika akaipiga pale pale, ameinamisha kichwa, muda mrefu, ile ya chini kabisa, akingoja. Hakuna filimbi. Akainua uso.

"Fundi, imekuwa safi. Ilikuwa nini?"

Angeweza kusema spika. Angeweza kusema waya. Mimi ningemsaidia kudanganya, wala nisingeona haya.

"Sikuwa naisikia," mume wangu akasema. "Masikio yangu yamekwisha huko juu. Aliyesikia ni mke wangu. Na za wenzako zilizotangulia, waambie wazirudishe, nizirekebishe."

Mwalimu alishika mdomo. Kisha akafunga flenja kwenye mkoba, akampa mkono kwa mikono yake miwili, akasema atawaambia wenzake wazilete, na kwamba jioni anatutegemea wote wawili. Akaondoka nayo.

Tukabaki sisi na chai. Dirisha liko wazi, jua limeingia mpaka kwenye kigoda. Alikuwa ametulia, nikadhani yamekwisha.

"Mke wangu," akasema, "kuna nini kingine?"

"Kingine nini?"

"Kinacholia. Sasa hivi, hapa. Nisichokisikia."

Nikasikiliza. Nilikuwa sijawahi kusikiliza hivyo, kumtafutia mtu. "Hakuna cha maana," nikamwambia. "Ni shomoro tu hao, juu ya bati, wanagombana kama kawaida yao."

Akainua macho akatazama dari.

"Shomoro wapo?"

"Wataenda wapi? Kila asubuhi wananipigia makelele."

Akaenda dirishani, kikombe mkononi, akatega sikio.

"Mimi nilidhani walihama," akasema. "Tulipobadilisha bati."

Nikaweka chai yangu chini. Bati lile tulilibadilisha mwaka ambao kitinda mimba wetu alikuwa anang'oka meno ya utoto.